Kabla hujanunua pampu, lipia kipimo

Gari lililokufa kabisa halisumbui. Limekataa kuwaka, limetulia, unafungua boneti na ugonjwa unaukuta palepale. Linalomaliza pesa za watu ni lile linalozima saa nane mchana katikati ya Mtaa wa Msimbazi, jua la utosi, mizigo ndani, vijana wakalisukuma pembeni, likapumzika nusu saa, kisha likawaka na kwenda hadi Mbagala bila kukohoa. Kesho yake asubuhi ukilipeleka gereji linaunguruma vizuri. Fundi anakutazama, wewe unamtazama, halafu mmoja wenu anatamka neno pampu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi yangu iko Gerezani, hatua chache kutoka zilipo pilikapilika za Kariakoo. Nilianza kushika spana kwenye Datsun na Peugeot 504 za kabureta, nikazikuta Toyota za nozeli zikiingia kwa wingi, na hadi leo hizo ndizo zinazonilisha. Ninaloandika leo linawahusu wenye magari na mafundi wenzangu kwa pamoja. Hapa mjini tumezoea kumlipa fundi kwa kitu alichobadilisha. Kwa kutafuta ugonjwa hatumlipi hata shilingi. Na ugonjwa wa mafuta unaokuja na kuondoka hauponi kwa kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Unapona kwa kupimwa, na kupima ni kazi inayostahili ujira wake.

Angalia hesabu inavyokwenda. Mteja anafika, anasema gari linazima likipata joto. Fundi anajua kwamba akimwambia, "Nipe elfu thelathini nikupimie, ila leo huenda nisikamate kitu," mteja atahamia gereji ya jirani. Akimwambia, "Pampu hiyo, lete laki na nusu," mteja atanung'unika lakini atalipa, kwa sababu ataona kitu kimetoka dukani kikiwa ndani ya boksi. Fundi anaingia Kariakoo, anakutana na winga anayeyajua maduka yote ya spea, winga anapata chake, fundi anaweka cha juu chake, pampu inafungwa. Gari linatembea siku mbili tatu. Kisha linazima tena palepale Msimbazi.

Sasa chukua upande wa pili. Fundi ametumia nusu siku na geji na mita, ameinua siti ya nyuma, amefuata waya hadi kwenye boliti moja yenye kutu, ameisugua na kuikaza. Gari limepona. Akitaja elfu thelathini, mteja anauliza: "Kukaza nati tu, elfu thelathini?" Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kila ninapolisikia naona namna tunavyowafundisha vijana wa gereji kudanganya. Kijana mwenye akili anajifunza haraka kwamba nati iliyokazwa haina malipo na pampu iliyobadilishwa ina malipo. Ana kodi ya eneo, ana wasaidizi wanaotaka kula mchana, ana watoto wa shule. Siwezi kumwita mwizi kwa kufuata mahali pesa zinapopita.

Tatizo la magonjwa haya ya kuja na kuondoka ni kubwa kwetu kuliko kwa majirani zetu. Kenya gari lililozidi umri wa miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Sisi tunaliruhusu: lililozidi miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, likishalipiwa linapewa namba na kuingia barabarani. Sisemi utaratibu wetu ni mbaya. Bila huo, watu wengi wa Dar es Salaam wasingekuwa na gari. Lakini matokeo yake ni kwamba Carina Ti, Premio za mwanzo, Mark II na Corolla zilizotoka kiwandani miaka ya 1990 bado zinabeba vitenge, samaki, wanafunzi na maharusi. Injini zake ni za chuma, zinavumilia. Waya zake, plagi zake za plastiki, rilei zake na mipira yake vimezeeka, na hapo ndipo magonjwa ya kuja na kuondoka yanapozaliwa.

Safari ya petroli kwenye magari haya si ndefu. Pampu imo ndani ya tangi, chini ya siti ya nyuma katika magari mengi. Mdomoni ina chujio laini la kuzuia takataka. Inasukuma mafuta kupitia mpira mfupi ulio humohumo ndani ya tangi, yanapita bomba la chini ya gari hadi kwenye filta, yanafika kwenye nozeli, na yanayozidi yanarudishwa tangini na kidhibiti presha. Umeme wa pampu unatoka betri, unapita fyuzi, unapita rilei, unafika kwenye pampu, kisha unarudi kwa athi, yaani waya unaoungwa kwenye bodi ya gari. Kila mahali nilipopataja panaweza kuleta ugonjwa uleule: gari linakosa nguvu, linakohoa, linazima, likipoa linawaka. Pampu ni mshukiwa mmoja kati ya hao wote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni presha. Toyota nyingi za miaka ile, ukichomoa kile kimpira cha upepo kwenye kidhibiti presha, zinatakiwa kuonyesha paundi 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba. Ukikirudisha gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, presha inashuka kidogo, na hiyo ni kawaida. Ukizima injini, presha haitakiwi kuanguka ghafla. Baada ya dakika 5 iwe bado paundi 21 au zaidi. Namba hizi zimo kwenye vitabu vya kiwanda, na geji ya kuzisomea inapatikana Kariakoo kwa bei isiyofika ya pampu. Hata hivyo unaweza kupita gereji nyingi mjini usiione geji hata moja.

Nitasimulia gari moja kwa kirefu. Lilikuwa Carina Ti la mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Lilikuwa limeshabadilishwa pampu, ikabadilishwa tena, likawekewa filta mpya na plagi mpya, na bado lilikuwa likimwacha njiani kila joto likipanda. Alinishukia na boksi lenye vitu vyote vilivyotolewa, akaniambia kabla hata ya salamu kuisha, "Fundi, shikamoo yako nimeipokea, lakini habari ya pampu sitaki kuisikia." Nikamjibu, "Mama, leo sibadilishi kitu. Naomba gari na ruhusa ya kuzunguka nalo."

Ugonjwa unaojificha haukamatwi gari likiwa limesimama kivulini. Niliunga geji kwenye filta, nikapitisha mpira wake nje ya boneti, nikaibana kwa utepe kwenye kioo cha mbele ili niisome nikiendesha. Waya za mita nikazichomeka kwenye plagi ya pampu chini ya siti ya nyuma, kijana wangu akakaa huko nyuma akinisomea volti kwa sauti. Tukatoka Gerezani, tukashika Uhuru hadi Buguruni, tukarudi na Barabara ya Nyerere, foleni ya Kamata ikatupokea na jua lake. Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa: volti 13 na ushee, presha imesimama. Kiyoyozi kimewashwa, feni zinafanya kazi, joto limepanda. Kijana akaanza: kumi na moja na nusu. Kumi na moja. Kumi. Sindano ya geji ikaanza kuteremka kufuata sauti yake. Tulipokanyaga mafuta kutoka kwenye taa gari likakohoa. Volti zilipofika nane na kitu, presha ilikuwa imeshuka chini ya paundi 20, na gari likazima.

Wakati huo ndio wa dhahabu, na ndio unaopotea pale dereva anapokimbilia kusukuma na kuita bajaji. Kabla halijapoa, tukaliweka pembeni na kulazimisha pampu ifanye kazi. Ndani ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kiboksi ambacho kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya huku swichi ikiwa wazi, pampu inazunguka bila injini kuwaka. Ikawa inazunguka kichovu. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye mguu wa athi wa pampu na mwingine kwenye chuma safi cha bodi. Mahali panapotakiwa kuonyesha chini ya nusu volti palionyesha zaidi ya volti 4. Umeme ulikuwa unafika kwenye pampu, ila njia ya kurudi ilikuwa imebana. Pampu ilikuwa inapewa nusu mlo halafu inalaumiwa kwa udhaifu.

Tulifunua zulia. Chini yake kulikuwa na unyevu wa zamani na harufu ya tope. Mama alikumbuka kwamba masika moja alivuka maji pale Jangwani yakaingia hadi miguuni. Kiti kilianikwa, zulia halikuinuliwa. Boliti ya athi ilikuwa imevimba kwa kutu. Asubuhi gari likiwa la baridi ilikuwa bado inapitisha umeme wa kutosha. Joto likipanda, kiungo kibovu kinazidi kuwa kigumu kupitisha umeme, kinapata moto chenyewe, ndipo pampu inanyongwa. Likipoa, kinaachia. Ndiyo maana lilikuwa likiwaka baada ya kupumzika, na ndiyo maana kila pampu mpya ilionekana kuponya siku mbili: kila aliyeifunga alitikisa waya zilezile bila kujua.

Tulisugua bodi kwa msasa hadi chuma king'ae, tukaweka boliti mpya, tukapaka grisi juu yake. Kisha tukaitoa ile pampu ya dukani na kurudisha ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari kutoka Japani, iliyokuwa imelala kwenye boksi. Ndiyo inayosukuma mafuta hadi leo.

Sikutumia uchawi wala kipaji. Nilitumia vipimo viwili, presha na volti, vilivyosomwa kwa wakati mmoja ugonjwa ulipokuwa umejitokeza. Kama volti zingebaki 13 na presha ikaanguka, ningeingia tangini na kwenye filta: pampu yenyewe imechoka, chujio la mdomoni limeziba, au filta imejaa. Kama presha ingebaki juu na gari likazima, ningeyaacha mafuta na kwenda kwenye moto wa plagi, koili na kihisi cha ndani ya distribyuta, kwa sababu navyo vikipata joto hukata na vikipoa hurudi. Sikio la dereva husaidia hapa. Gari lenye njaa ya mafuta kwa kawaida linaanza kukosa nguvu, linavuta na kuachia, kisha linakufa. Lenye ugonjwa wa moto wa plagi mara nyingi linakatika ghafla kama umezungusha swichi. Kuna yanayokwenda kinyume na kanuni hiyo, ndiyo maana geji ina neno la mwisho.

Niondoe na imani mbili zinazoua pampu nzima kila wiki. Ya kwanza ni ile ya kufungua swichi na kusikiliza mlio huko nyuma: usipousikia, unaambiwa pampu imekufa. Toyota nyingi za zamani haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu, zinasubiri staata izunguke. Kimya hicho ni afya. Ya pili ni mashine ya kompyuta. Nina yangu na ninaitumia, lakini magari haya hayana kihisi cha presha ya mafuta, kwa hiyo mashine haiwezi kuona presha. Fundi akikuonyesha kioo cha mashine akasema "imeandika pampu", mwombe akuonyeshe ilipoandika.

Kuna chanzo kingine ambacho sipendi kukitaja kwa sauti ya kukemea, maana najua kinatoka kwenye mfuko. Dereva wa teksi anaingia sheli na noti ya elfu kumi. Kwa bei za miaka hii zinazozunguka shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni lita tatu na kidogo. Taa ya mafuta kwenye dashibodi imewaka asubuhi, mchana na jioni. Pampu iliyomo tangini inapozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake. Tangi likikaa tupu kila siku, mwili wa pampu unabaki hewani, na mafuta machache yanayozunguka yanarudi kutoka injini yakiwa ya moto. Ukipiga kona, petroli inakimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu unanyonya hewa; gari linakohoa, likinyooka linarudi. Uchafu wote ulioingia miaka 20 unakaa chini, na wewe unaishi huko chini. Dereva wa namna hii hahitaji hotuba. Akiweza kujikaza mara moja akafikisha robo tangi, kisha akaendelea kujaza elfu kumi kumi zake juu ya hiyo robo, matumizi yake ni yaleyale na pampu inapumua.

Halafu kuna sheli. Gari likizima, mshitakiwa wa pili baada ya pampu ni mafuta yaliyochakachuliwa. Uchakachuaji umekuwepo kweli. Ndiyo sababu tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba, na ndiyo sababu bajeti ya 2011/12 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Lakini mafuta ya taa ndani ya petroli yana dalili zake: gari linasumbua kuwaka asubuhi, linagonga likipanda mlima, linatoa moshi. Gari linalowaka vizuri asubuhi ya baridi na kuzima saa nane mchana halionyeshi picha hiyo. Maji na uchafu ni jambo jingine, hayo huleta kukohoa kusiko na ratiba. Chota petroli kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji yatajitenga chini utayaona. Ukiyaona na una risiti, wadhibiti wa mafuta, EWURA, wanapokea malalamiko ya namna hiyo. Bila risiti na bila chupa unabaki na hasira tu.

Kifuniko cha tangi nacho kina visa vyake. Kimesahaulika juu ya pampu ya sheli, ukawekewa kingine cha gari tofauti, kisicho na njia ya kuingiza hewa. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, tangi linajikamua hadi pampu inashindwa kuvuta. Ukikifungua unasikia hewa ikiingia kwa kishindo cha "fyuuu", gari linawaka. Kipimo hiki ni cha bure. Likizima, kabla ya kitu chochote, fungua kifuniko na usikilize. Na kama unaziba kwa kitambaa, ujue mvua ya kwanza ya masika imeshaingia tangini.

Sasa turudi kwa winga na boksi lake. Kuna wakati pampu imekufa kweli na lazima inunuliwe. Kariakoo utapewa ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa huko Japani au Dubai, au mpya yenye jina la kampuni kubwa kwenye boksi. Baadhi ya hizo mpya ni feki, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kuziuza. Sheria ipo, lakini wewe umesimama dukani na ukutani pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa kifaa cha umeme msimamo huo ni mkali zaidi, na mwenye duka ana sababu yake: hajui umekichomeka wapi. Ndiyo maana kununua pampu kwa kubahatisha ni hasara isiyorekebishika. Ukikosea, pampu ni yako, ugonjwa ni wako.

Na hata ukipata pampu nzuri, angalia mpira. Ule mpira mfupi wa ndani ya tangi unatakiwa uwe wa aina inayoweza kuzama kwenye petroli. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani, haukutengenezwa kuoga petroli kwa nje. Ukiufunga humo unalainika, unavimba, unapasuka mstari mdogo, na presha inavuja humohumo tangini bila tone kuonekana nje. Pampu inalia, filta ni mpya, gari halina nguvu. Nimefungua matangi mengi na kukuta kipande cha mpira wa maji kimefungwa kwa waya wa binding. Aliyefanya hivyo aliokoa pesa ya soda.

Nawasihi sana wenzangu kuhusu moto. Gerezani tunafungua matangi kwenye njia ambazo jirani anachomelea geti na mama lishe ana jiko la mkaa. Mvuke wa petroli hausubiri kiberiti, cheche ya grainda inatosha, na hata taa ya kumulikia yenye waya uliochubuka inatosha. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori iliua zaidi ya watu 100. Tangi la Carina ni dogo, lakini petroli ni ileile. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua, shusha presha kwanza, weka mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono, na mwombe mchomeleaji apumzike nusu saa. Akikataa, lisukume gari mbali. Mteja anayemwona fundi anavuta sigara juu ya tangi achukue ufunguo wake aondoke.

Najua jibu litakalokuja: maskini hana elfu thelathini ya kupimiwa. Lakini huyo maskini ndiye aliyelipa pampu mbili, filta na plagi, akakosa biashara ya siku, akalipa wa kumvuta kwa kamba. Kipimo ni cha bei nafuu kuliko vyote alivyokwisha kulipia. Kinachomuuma ni kulipa pesa na kuondoka mikono mitupu, bila boksi, bila kitu cha zamani cha kuonyesha nyumbani. Kwa hiyo sisi mafundi tuna wajibu wa kumpa kitu mkononi. Presha gari likiwa la baridi, presha likiwa la moto, volti kwenye plagi ya pampu, volti kwenye athi: andika kwenye karatasi, weka tarehe, piga sahihi. Akienda kwa fundi mwingine, haanzi upya.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa vyeti, na wengi wetu Gerezani tulijifunza hivyo. Natamani upimaji wake umpe fundi gari lenye ugonjwa wa kujificha, waya uliolegezwa kwa makusudi, na asipewe spea yoyote. Apewe geji, mita na saa mbili. Anayejua kufungua na kufunga tunaye kila kona. Anayeweza kueleza kwa nini amefungua ndiye tunayemtafuta.

Mwenye gari naye ana sehemu yake, na haihitaji ufundi. Likizima, tazama geji ya mafuta imekaa wapi, joto liko wapi, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, lilikohoa au lilikatika, lilichukua muda gani kuwaka tena. Viandike kwenye simu kabla hujasahau. Mteja anayenifikia na maelezo hayo amenipunguzia nusu ya kazi, nami nampunguzia bei.

Kwenye safu yetu tumebandika karatasi ukutani. Kipimo cha mafuta kina bei yake, inalipwa kabla boneti haijafunguliwa. Tukipima tusikamate ugonjwa, mteja anarudishiwa nusu, na gari likianza tena analirudisha bila kulipa kingine. Tukikuta kitu kinachohitaji spea, mteja anakwenda dukani mwenyewe au anatuma anayemwamini, na hakuna cha juu. Wapo wanaoisoma karatasi hiyo wakaondoka. Walioizoea mapema ni madereva wa teksi za mtandaoni, kwa sababu gari likilala gereji, hesabu ya bosi hailali.